Kaye ya Bei: shajara ya mradi wa likelemba yetu, Katuba, Lubumbashi, Kongo

6 Julai 2025

Likelemba yetu, kikundi cha kuchangiana pesa kwa mzunguko, ina wamama wa sokoni, walimu, fundi cherehani, mlinzi wa usiku tunayemwita zamu, na mimi ninayeshika daftari. Kila mwezi kila mtu anatoa falanga zilezile, mmoja wetu anaondoka na zote. Bei zikitulia, utaratibu huu hauna shida. Zikipanda, anayepokea mwanzoni anamaliza kuezeka chumba, na anayepokea mwishoni, kwa falanga hizohizo, anarudi nyumbani mabati yakiwa pungufu. Mwaka 2023, bei za nchi zilipopanda kwa karibu asilimia 24, walioangukia mwisho wa foleni hawakuhitaji kuelezwa na mtu.

Leo baada ya misa tumekaa kupanga mzunguko mpya. Mwalimu mmoja akapendekeza mchango uwe unapandishwa kila miezi mitatu kwa kufuata asilimia ya mfumuko wa bei inayotangazwa na serikali. Mama anayeuza unga akamkatiza: "Mwalimu, ile asilimia ya mu radio ni ya ba nani? Kwangu miye kila kitu kinapanda."

Mwalimu akajibu kwamba imeshuka: karibu 24 mwaka 2023, karibu 12 mwaka 2024, na sasa iko chini ya 10. Wengi wakadhani anasema bei zimeshuka, kicheko kikapasuka. Nikachukua chaki. Kitu kilichouzwa 100 mwanzoni mwa 2023 kilifika 124 mwisho wa mwaka. Mwaka uliofuata kikapanda tena kwa asilimia 12, si ya 100 bali ya 124, kikafika kama 139. "Sasa ilishuka wapi?" mama akauliza. Imeshuka kasi ya kupanda. Bei zenyewe hazijarudi nyuma hata hatua moja, na anayesubiri zirudi pale zilipokuwa 2022 atasubiri sana.

Tumekubaliana hivi: kaya zilizo tayari zitaandika kwenye kaye, yaani daftari, kila wanachonunua na kila wanacholipa. Mimi nitazunguka sokoni na mizani. Mwisho wa mwaka tutaamua mchango ufuate namba gani.

20 Julai

Kaye za kwanza zimerudi. Nyingine zimeandikwa kwa mpangilio, nyingine zina mafuta ya mawese ukurasa mzima. Zote zinafaa.

Kwanza nieleze serikali inavyofanya, kwa sababu kwenye kikundi kuna wanaoamini kwamba kuna mtu amekaa ofisini Kinshasa anabuni namba. Kazi yenyewe si siri. Taasisi ya takwimu inauliza familia nyingi zinatumia pesa zao kwa nini: chakula, nyumba, usafiri, shule, dawa. Majibu hayo yanaunda kapu, na kila kitu ndani ya kapu kinapewa uzito kulingana na pesa zinazokiendea. Kisha wakusanya bei wanakwenda sokoni na madukani mara kwa mara, na swali wanalojibu ni lile aliloliweka Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871: kapu lilelile la mwaka wa msingi, leo linagharimu kiasi gani?

Uzito ndio wenye maneno. Mjerumani mwingine, Ernst Engel, alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri familia ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa ya pesa yake inavyoishia kwenye chakula. Mpaka leo hajapata wa kumpinga. Katika kapu la Marekani chakula kina uzito wa kama 13 au 14 kwa mia. La Tanzania, 28. La Kenya, karibu 33. Katika kaye zetu nyingi kimevuka nusu, na kwenye ile ya zamu, ukitoa unga, makala (makaa ya kupikia) na kodi ya nyumba, zinabaki falanga za sabuni na chumvi.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi kwenye radio. Wastani wa serikali hautengenezwi kwa kuhesabu familia, unatengenezwa kwa kujumlisha pesa. Nimewaandikia ubaoni mfano wa nyumba mbili. Ya kwanza, tuseme iko Golf, mtaa wa wenye nacho, inatumia falanga 1,000,000 kwa mwezi na chakula ni 200,000. Ya pili iko hapa Katuba, inatumia 200,000 na chakula ni 120,000. Chakula kikipanda kwa asilimia 30 na vingine vyote vikakaa kimya, nyumba ya Golf imepandiwa na maisha kwa asilimia 6, ya Katuba kwa 18. Ukijumlisha pesa zote pamoja kama kawaida, unapata 8. Ukichukua wastani wa nyumba kwa nyumba, unapata 12. Bei ni zilezile, soko ni lilelile, na hakuna aliyesema uongo.

Mwingereza S. J. Prais aliliuliza swali hili mwaka 1959: ni gharama za maisha za nani? Leo ofisi ya takwimu ya Uingereza inatoa vipimo vya pembeni ambamo kila kaya inahesabika sawa, na inavigawa kwa vipato. Nasi tutahesabu nyumba kwa nyumba. Mwalimu wa hesabu amefurahi sana. Mama wa unga amesema alikuwa analijua hilo tangu zamani, ila hakuwa na ubao.

3 Agosti

Leo ni siku ya meka.

Asiyeijua Lubumbashi: unga wa bukari, yaani ugali, hapa haununuliwi kwa kilo, unanunuliwa kwa meka, kopo ambalo muuzaji anachota nalo gunia likiwa wazi mbele yake. Anachota, anajaza mpaka unga unasimama juu ya mdomo wa kopo, anamimina kwenye mfuko wako, halafu anaongeza kiganja kimoja. Hicho kiganja ni matabishi. Mteja asiyepewa matabishi hanuni tu, anahama.

Nilinunua meka kwa wauzaji watatu waliopanga meza mstari mmoja, bei moja, na kila mfuko nikauweka kwenye mizani. Uzito haukulingana. Kwa yule wa pembeni nikaomba nilione kopo lenyewe. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani, kimebinuka kama sahani iliyofunikwa. Kwa juu kopo ni lilelile la siku zote. "Papa, meka yangu ni ya zamani, haikubadilika," akaniambia, na kwa kweli lilikuwa la zamani. Jirani yake akacheka, akaongeza kwamba unga ukiwa ghali hata yeye anasawazisha mdomo wa kopo kwa kiganja na matabishi yanakuwa vidole viwili.

Hapa ndipo nilipoona thamani ya mizani. Chukua meka ya 3,000 yenye kilo mbili na nusu: kilo ni 1,200. Kopo likigongwa na matabishi yakiondoka, ndani zikabaki kilo 2.2, na bei ikakaa 3,000, kilo imefika 1,364. Unga umepanda kwa karibu asilimia 14 na hakuna aliyepandisha bei. Mkusanya bei anayeuliza tu "meka ni ngapi?" ataandika sifuri. Wataalamu wanalijua hili: katika nchi za Afrika Magharibi zinazotumia faranga ya CFA, wakusanya bei wananunua mafungu na makopo, wanayapima, na wanaandika bei ya kilo. Viwandani mambo ni hayohayo, biskuti zinapungua na pakiti inabaki palepale, ila kiwanda kinalazimika kuandika gramu kwenye karatasi. Meka haina karatasi.

Lazima niseme pia kwamba mwezi huu unga umekuwa wa afueni. Sisi tunakula shamba la Zambia. Mwaka 2024 ukame uliwapiga mpaka serikali yao ikautangaza kuwa janga la taifa na kuzuia mahindi yasitoke, na Agosti ya mwaka huohuo mpaka wa Kasumbalesa ukafungwa siku chache kwa ugomvi wa soda na bia. Kila aliyekuwa Lubumbashi anakumbuka meka ilivyokuwa. Mwaka huu wamevuna zaidi ya tani milioni 3.6, na malori yanapita. Makopo yenye vitako vilivyogongwa yamebaki, lakini matabishi yamerudi.

17 Agosti

Nyumba. Kodi hapa inatajwa kwa dola, garanti, pesa ya dhamana, inalipwa kwa dola kabla hujaingiza hata kitanda, na mwenye nyumba haulizi mfumuko wa falanga. Anayeishi kwenye nyumba ya familia halipi kitu, isipokuwa bati likivuja.

Mataifa makubwa yenyewe hayajakubaliana juu ya hili. Marekani, tangu 1983, inamhesabu mwenye nyumba kana kwamba anajipangishia mwenyewe, na makazi yanachukua kama theluthi ya kapu lote. Kipimo cha pamoja cha nchi za Ulaya kinaiacha nje gharama hiyo ya anayekaa kwake. Namba mbili zinazoitwa kwa jina moja, na sehemu kubwa ya kapu ndiyo tofauti kati yao! Mimi nimefanya rahisi: kaye za wapangaji peke yake, za wenye nyumba peke yake.

7 Septemba

Shule zimefunguliwa, na kaye za wiki hii ni minervali (ada ya shule), madaftari, sare, viatu. Elimu ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019. Kwenye fahirisi ya bei, yaani kile kipimo cha kapu, kitu kikiwa bure bei yake inaanguka mara moja, inahesabiwa mwaka ule, basi. Baada ya hapo haipandi wala haishuki. Kwenye kaye zetu kuna wazazi waliofaidika kweli, na kuna waliohamisha watoto kwenda shule za kulipia kwa sababu darasa limejaa mpaka dirishani. Hao wa pili bei ya shule haikubadilika popote kwenye kipimo. Wamebadilisha kitu wanachonunua, na mfuko wao unajua.

21 Septemba

Jambo kama hilo la shule nimelikuta jikoni, na hapa nitakaa kidogo.

Mama mmoja kwenye kikundi ana jiko la umeme. Bei ya umeme wake kwa mwezi haijabadilika hata kidogo. Lakini kaye yake ina makala karibu kila wiki, kwa kuwa umeme ukikatika saa kumi jioni bukari haisubiri. Kipimo cha bei kinauliza umeme ni bei gani unapokuwepo. Umeme usiokuwepo haupandi bei. Kwa hiyo kwenye safu ya umeme nimeandika sifuri, na kwenye safu ya makala nimeandika gharama ambayo, kwa haki, ni ya umeme.

Na makala yenyewe yanazidi kutoka mbali. Miombo ya karibu na mji imekwisha kukatwa, waendesha baiskeli wenye magunia wanatokea mbali kuliko zamani, na mvua zikianza njia zinakuwa tope na gunia linapanda. Kila mtu anajua. Ndiyo maana mwenye uwezo ananunua magunia mawili mwezi huu, na asiye na uwezo ananunua mfuko mmoja mmoja mpaka Machi. Nilipogawa bei kwa kilo, mfuko mdogo ulikuwa ghali kuliko gunia kwa tofauti kubwa. Maskini analipa zaidi kwa kila kilo ya kitu kilekile, na kapu la taifa halilionyeshi hili, maana bei zote za makala zinaishia kwenye wastani mmoja.

Samaki sasa. Familia nyingi kwenye kaye wameacha Tomsoni, samaki wa barafu, wakaenda kwa ndagala (dagaa), kutoka ndagala kwenda maharage, na wiki ya mwisho wa mwezi ni sombe (kisamvu). Wachumi wana jina la heshima kwa safari hii na wanaihesabu kama nafuu. Mwaka 1996 tume iliyoongozwa na Michael Boskin iliwaambia Wamarekani kwamba kipimo chao kinazidisha mfumuko kwa pointi 1.1 za asilimia kwa mwaka, na sababu mojawapo ni kwamba watu hukimbia kilichopanda na kununua kisichopanda. Kwa anayetoka nyama ya ng'ombe kwenda kuku, sina ugomvi. Lakini anayetoka Tomsoni kwenda sombe tupu hajapata nafuu, amepungukiwa. Kikokotoo hakiwezi kutofautisha hawa wawili kwa bei peke yake. Nimeongeza swali kwenye kaye: ulichonunua ndicho ulichotaka? Ndiyo au hapana. Ni swali ambalo hakuna fahirisi inayoliuliza, na nadhani ndilo zuri kuliko yote tuliyoweka.

19 Oktoba

Mwezi wa vichekesho. Falanga imepata nguvu.

Kwa miaka sisi wote tumezoea njia moja: dola inapanda, kila kitu kinafuata. Mwaka huu dola ilikuwa juu ya 2,800, na ndani ya wiki chache imeporomoka chini ya 2,500. Banki Kuu imeteremsha riba yake kutoka asilimia 25 hadi 17.5, maana kwa hesabu yake bei zimetulia. Kwa namba za falanga, ni kweli.

Sasa mtazame zamu wetu. Bosi wake anamlipa kwa dola, na mpaka juzi tulimwonea wivu. Dola 100 kwa 2,850 zilimpa falanga 285,000. Kwa 2,400 zinampa 240,000. Amepoteza 45,000, karibu asilimia 16, bila bei yoyote kupanda. Alikwenda kwa kambisti, mbadilisha pesa, asubuhi akakuta meza imejaa mabunda ya falanga na mwenye meza amekunja mikono: hanunui dola mpaka ajue leo ni ngapi. Alipofika kwa muuza mafuta akaambiwa bei ni ileile, kwa sababu mzigo ulinunuliwa kwa dola ya zamani. Dola ilipopanda, mzigo wa zamani haukuwahi kumzuia mtu kubadilisha bei. Nimeliandika kama nilivyolisikia, na wasikilizaji wote walikubali kwa vichwa.

Mwalimu, anayelipwa falanga, yuko upande wa pili. Kodi yake ya dola 50 ilikuwa falanga 142,500, sasa ni 120,000. Mwezi mmoja, mtaa mmoja, likelemba moja: mmoja maisha yamempandia, mwingine yamemshukia, na radio ina namba moja kwa wote wawili. Katika nchi ambayo karibu amana zote za benki ni za fedha za kigeni, kipimo cha falanga peke yake kinaeleza nusu ya habari.

Waliokuwa wanadai likelemba ihamie dola wamenyamaza kwa muda.

9 Novemba

Mzee wetu, aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, amesoma kaye zote na kusema sisi tunalalamikia mvua za rasharasha. Yeye aliona mwaka 1994, bei zilipopanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Zaire, pesa yetu ya zamani, ilianza mwaka 1967 ikiwa na thamani ya dola mbili. Oktoba 1993 zaire 3,000,000 zikabadilishwa kwa zaire mpya moja. Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa falanga moja. Mwalimu akazidisha kwenye simu: falanga moja ya siku ile ni zaire bilioni 300 za zamani. Tukakaa kimya, kisha mtu akauliza kama kuna aliyebaki nazo.

Alichosema baadaye ndicho nilichokiandika kwa wino. Katika mshahara wake, pesa zilikuwa zinayeyuka, lakini kulikuwa na posho ya unga. Gunia halina mfumuko. Lina meka zilezile mwaka huu na mwaka kesho. Posho ndiyo fahirisi ya kwanza iliyotumika mji huu, na ilifanya kazi bila mtakwimu.

Zamu akauliza kuhusu kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2018 kiliwekwa falanga 7,075 kwa siku, dola ikiwa kama 1,600, yaani dola nne na ushee. Kikakaa hapohapo mpaka 2025, dola imeshavuka 2,800, yaani dola mbili na nusu. Ndipo kikapandishwa hadi 14,500. Katika miaka yote hiyo mfumuko ulipimwa na kutangazwa, namba zilikuwepo, na mshahara haukufungwa kwenye namba hizo. Nasema hivi kwa wale wanaofikiri tatizo letu litaisha tukipata kipimo sahihi. Kuna kupima, na kuna kutumia ulichopima.

Kijana mmoja akaniuliza moja kwa moja: serikali inadanganya au haidanganyi? Serikali kudanganya kunawezekana, na mfano mzuri ni Ajentina. Tangu 2007 ofisi yao ya takwimu iliingiliwa, namba zikawa nzuri mno. Mchumi Alberto Cavallo akakusanya bei za mtandaoni za maduka makubwa na kukuta mfumuko ni zaidi ya mara mbili ya uliotangazwa, na Februari 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa likawakaripia rasmi. Mbinu yake ingetufaa, ila meka haina tovuti. Kwa hapa, pengo kati ya kaye zetu na radio naweza kulieleza lote kwa uzito, vipimo, dola na makala. Sihitaji mwongo ili hesabu yangu ikubali.

7 Desemba

Leo tumefunga hesabu ya nusu mwaka na kukata shauri.

Jambo la kwanza limewashangaza wengi. Kipimo chetu hakikukaa juu ya kile cha serikali muda wote. Julai na Agosti, unga ulipokuwa wa afueni, kaya maskini zaidi kwenye orodha ndizo zilizopumua zaidi, kwa sababu unga ndio mzito kwao. Mvua zilipoanza na makala yakapanda, hao haohao wakarushwa juu kuliko wote. Namba ya mwenye nacho inatembea. Namba ya asiye nacho inaruka, inapanda na kushuka ndani ya msimu mmoja, na wastani wa mwaka unaifuta miruko yote. Lakini bukari inaliwa kila jioni, haisubiri wastani. Wapangaji wanaolipwa dola wako kwenye safu yao, na Oktoba yao ni mbaya kuliko mwezi wowote wa mwenye nyumba. Kwenye lile swali la "ndicho ulichotaka?", hapana zinajaa kila wiki ya mwisho wa mwezi.

Nilitegemea tuishie hapo, mchango ufuate kaye. Ndipo fundi cherehani, ambaye tangu Julai alikuwa anasikiliza tu, akauliza: "Pesa ya likelemba, nani aliwahi kuila?"

Hakuna. Tukapita mmoja mmoja. Aliyepokea Julai alinunua mabati. Wa Agosti aliongeza mtaji wa magunia ya unga. Wa Septemba minervali, wa Oktoba garanti ya nyumba, wa Novemba saruji. Ndagala na makala zinanunuliwa kwa pesa ya kila siku, na kaye zetu zimejaa pesa ya kila siku. Kufunga mchango kwenye bei ya makala ni kumfidia mtu kwa kitu ambacho hanunui kwa pesa hiyo.

Mjadala ukachukua alasiri nzima. Mwalimu wa hesabu alitaka vipimo vyote viwili. Mama wa unga alisema yeye unga ni mtaji, kwa hiyo gunia libaki. Mzee akakumbusha kwamba keshokutwa ni tarehe 9 Desemba. Siku kama hiyo mwaka 1941, mji ukiitwa Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, waligoma kwa sababu bei za vita zilikuwa zimekula mishahara, na askari wakawafyatulia risasi uwanja wa mpira, Léonard Mpoyo akiwa miongoni mwa waliouawa. Alilisema bila kuongeza neno, akarudi kwenye mabati.

Tulichopitisha: mchango wa likelemba utaangaliwa upya kila miezi mitatu kwa kufuata vitu vinne, bati moja, mfuko wa saruji, gunia la unga la kilo 25 na minervali ya mwezi, vyote kwa uzito sawa, vikiandikwa kwa falanga na kwa dola. Vikipanda chini ya asilimia 5, mchango haubadiliki. Vikishuka, mchango hauteremshwi, ziada inaingia kwenye mfuko wa dharura. Hicho kipengele cha mwisho kimepita kwa tofauti ya kura moja na walioshindwa bado wananuna.

Kaye za kaya zinaendelea, lakini kwa kazi nyingine. Zamu ataipeleka safu yake kwa bosi mwezi wa Januari, yenye unga kwa kilo, makala kwa kilo, kodi, na ile Oktoba ya dola, iwe msingi wa mazungumzo ya mshahara. Nimeahidi kuiandika kwa usafi, kwa Kifaransa, ukurasa mmoja. Mizani ya jikoni imefika mwisho wake, haibebi gunia la makala. Fundi ana jamaa mwenye mizani ya chuma chakavu huko Ruashi, na amesema atatuazima Jumamosi.